Namba Moja, Watu Arobaini na Mmoja

"Mama, hapa inaonekana una mimba ya miezi saba," alisema karani wa dirisha la nne, macho yake yakiwa hayajaondoka kwenye kompyuta.

Mama Vifungo aligeuka nyuma, akidhani anaambiwa mwingine. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mwenye fimbo, na mzee naye akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mwingine.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Na wajawazito hawafanyiwi upasuaji wa macho. Ungesema mapema, tusingekusumbua kuja."

"Mwanangu, nina miaka hamsini na minane. Mume wangu huu ni mwaka wa tisa yuko kaburini."

Karani alisogeza uso karibu na kioo, akakunja paji. "Kwa kweli hapa umezaliwa..." Akarudia kusoma. "Hapa umezaliwa mara nyingi, mama. Halafu jicho la kulia ulishafanyiwa mwaka jana. Na una leseni ya lori."

Foleni nzima ilicheka, na mzee wa fimbo akauliza kama hilo lori linabeba abiria. Mama Vifungo naye alitaka kucheka, maana kama si yeye aliyekuwa akisemwa angekicheka kituko hicho hadi jioni. Lakini ilikuwa saa tatu na nusu. Madaktari wa macho huja hospitali ile mara moja kwa mwaka, siku nne tu, na orodha ya siku ya mwisho ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yake yote mawili. Wiki iliyopita alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu na mwingine wa kuvukia maji, na mwezi uliotangulia alishona mfuko kwa ndani. Fundi cherehani asiyeona tundu la sindano kabakiwa na jina tu, na jina halichemshwi likaliwa. Akikosa mwaka huu, mwaka ujao atakuja hapa akipapasa kuta.

"Nenda chumba namba tisa," karani alimwambia. "Huko yuko anayeshughulikia watu kama wewe."

"Watu kama mimi ni watu gani?"

"Hilo ndilo watakalokuambia huko."

Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema kama hauvimbi. Miaka miwili nyuma serikali ilileta kompyuta zake kwenye ukumbi wa shule ili kila mtu aandikishwe: jina, vidole kumi, picha, na namba ya simu. Ukishaandikishwa, walisema, zahanati itakujua, shule itakujua, ofisi ya ardhi itakujua, na hutazunguka tena na bahasha ya vyeti kwapani. Watu walifurahi, kisha wakafika kwenye namba ya simu wakakwama, kwa sababu bila namba mashine iligoma kwenda mbele. Wa kwanza kukwama alikuwa mama mkwe wa Mama Vifungo, kikongwe ambaye simu kwake ni kitu cha kupigia kelele. "Weka yangu," Mama Vifungo akamwambia mwandikishaji. Nyuma ya mama mkwe alikuwa fundi viatu, ambaye simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi. "Weka yangu." Akaja dobi. Akaja mlinzi wa ghala. Akaja binti wa muuza mkaa. Hadi ukumbi unafungwa, watu arobaini wa mtaa ule walikuwa na namba ya Mama Vifungo, na yeye akarudi nyumbani ameridhika, kama mtu aliyegawa maji siku ya joto.

Na tusiwe wachoyo wa fadhila, jambo lile lilisaidia. Fundi viatu aliacha kupanda magari mawili kwenda kugongewa muhuri ili apewe dawa. Dobi alimwandikisha mwanawe shule kabla chai haijapoa. Kila mmoja alipotaka huduma, ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama Vifungo: namba ya siri ya tarakimu sita, na chini yake maneno, "Usimpe mtu yeyote." Kazi yake ikawa ni kumpa mtu yeyote. Alishona kwa mkono mmoja na kusoma namba kwa mdomo, na kwa kuwa ujumbe haukutaja jina, waliokuwa wakisubiri barazani waliijaribu kwa zamu, kila mmoja kwa ombi lake, mpaka ikakubali kwa mmoja wao. Hakuna aliyeona ubaya. Mtaa ulikuwa na kisima kimoja, kinu kimoja, na sasa namba moja.

Chumba namba tisa kilikuwa na kompyuta mbili, feni iliyozunguka kwa uvivu, na mwanamke wa makamo aliyebanwa na mafua. Alikuwa afisa wa mfumo. Alisikiliza, akapenga kamasi, akaandika namba ya simu ya Mama Vifungo, kisha akashusha orodha isiyokwisha.

"Wiki iliyopita mfumo ulisafishwa," alisema hatimaye.

"Ulichafuliwa na nini?"

"Watu waliojirudia. Mtu anajiandikisha mara mbili, mara tatu, ili apate vitu mara tatu. Kwa hiyo kompyuta imetafuta kila penye namba ya simu inayofanana, ikawaunganisha. Namba moja, mtu mmoja, jina moja."

"Sasa mimi nimeunganishwa na nani?"

"Na mtaa mzima, naona."

Mama Vifungo alikaa bila kukaribishwa. "Na wenyewe wako wapi?"

"Hawapo. Wako ndani yako."

"Fundi viatu akienda zahanati leo?"

"Ataambiwa hakuna mtu kama huyo."

"Lakini yupo! Nimempita asubuhi pale kwenye kona, kanisalimia, kaniomba na uzi!"

"Sibishi, mama. Nakuambia tu inavyosema kompyuta."

Mama Vifungo alijishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akakuta ni mikono yake ileile, yenye vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano. Alijaribu kuelewa inawezekanaje mtu awe mmoja huku akiwa arobaini na mmoja, na akaona kuwa kila anapokaribia kuelewa, jambo lenyewe linasogea mbele kidogo. Kilichokuwa wazi ni saa ya ukutani, ambayo hakuiona bali aliisikia.

"Naomba unitoe," alisema. "Au uwatoe wao. Mimi sijui ni kipi kinaanza."

Afisa alitazama mlango. "Hiki ninachotaka kufanya sitakiwi kukifanya. Lakini wakubwa zangu hawapokei simu, na nikikuandikia barua majibu yatakuja madaktari wameshaondoka. Nitakusomea kilichomo. Wewe uniambie hiki changu, hiki cha fulani. Nawatenganisha leo, wenyewe watakuja kuweka vidole baadaye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Mama Vifungo, ingawa hakuelewa.

Wakaanza. Mimba ilikuwa ya binti wa muuza mkaa, jambo ambalo mtaa wote ulilijua isipokuwa muuza mkaa. Mama Vifungo mwenyewe alikuwa amemwongezea kiuno cha gauni mara mbili bila kuuliza. Jicho la kulia lilikuwa la mzee wa stoo ya mbao. Kisukari cha fundi viatu. Leseni ya lori ilikaa bila mwenyewe, wakairuka, wakairudia, mpaka Mama Vifungo akakumbuka kwamba mlinzi wa ghala kila siku hudai aliendesha malori makubwa ujanani na kila siku huchekwa. Kumbe hakuwa anadanganya. Alimwonea huruma, miaka yote ile ya kuchekwa.

Yapo mengine aliyotamani asingeyasikia. Dobi, bingwa wa mizaha, alikuwa anatumia dawa ambazo bila shaka hakumwambia hata mkewe. Msichana wa kibanda cha juisi alikuwa amepeleka malalamiko dhidi ya mumewe, mara tatu, na mara zote tatu akayaondoa. Namba zote hizo zilipita mkononi mwa Mama Vifungo, alizisoma kwa sauti barazani huku akikanyaga cherehani, na hakujua anasoma nini. Alijisikia kama aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Ya dobi," alisema kwa sauti ndogo. "Ya yule wa juisi."

Saa tano na nusu ilipogonga walikuwa wamewatoa watu thelathini na wawili.

"Hii," afisa alisema, akapenga tena. "Maombi ya nafasi katika makao ya wazee. Yamekubaliwa. Mwombaji atafuatwa na gari Ijumaa saa nne asubuhi. Sababu ya kuomba: 'Nataka kukaa na wa rika langu.' Ya nani?"

Mama Vifungo alihesabu wazee wa mtaa waliotumia namba yake. Mzee wa stoo ya mbao ana wake wawili na wajukuu wa kugawa bure, huyo haendi popote. Akabaki mmoja. Akakumbuka siku ambayo mama mkwe wake alisubiri barazani kama wateja wengine, na alipoulizwa anasubiri namba ya nini akasema ni ya vidonge vya presha. Mama Vifungo alimsomea tarakimu zote sita, tena mara mbili, kwa sababu bibi hasikii vizuri.

"Isome tena," alimwambia afisa.

Afisa akaisoma tena. Ilikuwa vilevile.

Siku walipomzika mume wake, ndugu walimweka kando wakamwambia: huyu mama si damu yako, na wewe hukujaliwa mtoto wa kukuunganisha naye, mrudishe kwa watu wake. Alikataa. Miaka tisa alikuwa anamchemshia maji, anamkata kucha, anamtafunia maneno ya majirani na kumtemea sikioni, na bibi huyo akimlipa kwa kulalamika kwamba uji una mabonge. Alidhani huo ndio upendo wao. Sasa aliumia, tena vibaya sana, kama kupigwa kofi na mtu uliyetoka kumnawisha mikono.

"Mama, muda," afisa alisema. "Kama ni yako, naifuta sasa hivi. Ni kubonyeza mara moja tu. Kama ni ya mtu mwingine, inaenda kwa mwenyewe na Ijumaa gari linakuja."

Aliona jinsi ilivyo rahisi. Aseme "yangu", basi. Ijumaa bibi atakaa mlangoni na kifurushi chake, gari halitakuja, atalaumu kompyuta, na hakuna atakayeshangaa kwa sababu kila mtu hulaumu kompyuta. Alifungua mdomo aliseme hilo neno moja. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Naomba nipige simu kwanza."

Lakini ampigie nani? Simu ya mama mkwe ndiyo hiyo aliyoishika. Akampigia msusi wa nyumba ya pili, na msusi, huku akinung'unika, akamwacha mteja na nusu kichwa, akavuka uchochoro, akampa bibi simu.

"Mama, ni mimi."

"Umeshapasuliwa?" Bibi alipiga kelele mpaka afisa akaruka.

"Bado. Mama, umeomba kwenda makao ya wazee?"

Kwa mbali yule mteja wa msusi alisikika akiuliza kama ataachwa hivyo hadi kesho.

"Nani kasema?"

"Kompyuta. Inasema nimeomba mimi."

"Iambie iache umbea."

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Unanilisha, unaniogesha, unanifunika. Lakini kutwa uko kwenye cherehani yako, na mimi natazama ukuta. Ukuta huo naujua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Kule wako wanawake wa umri wangu. Nataka mtu wa kubishana naye ambaye naye hana meno."

Afisa alijifunika uso kwa leso, haikujulikana kama ni mafua.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungelia. Ndiyo hivyo, unalia."

"Silii."

"Nakusikia." Bibi akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra kama mvua ya kiangazi. "Sikiliza, mwanangu. Nilitolewa kwa baba nikapelekwa kwa mume. Mume akafa, nikaletwa kwa mwanangu. Mwanangu akafa, nikabaki kwako. Hakuna hata siku moja mtu aliniuliza, wewe unataka kukaa wapi? Yule wa ofisi ya kata aliyenijazia fomu aliniuliza. Nikamjibu. Basi."

Mama Vifungo alikuwa na hasira, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Alitaka kuuliza kama bibi angeomba kuondoka iwapo yeye angekuwa na macho mazuri na muda wa kupiga soga, na aliogopa majibu yote mawili.

"Ni yake," alimwambia afisa. "Iandike kwake."

"Jina lake nani?"

Miaka thelathini na minne Mama Vifungo alikuwa anamwita Mama. Mtaa mzima unamwita Bibi. Siku ya kuandikishwa alisimama pembeni yake, akataja namba ya simu kwa mbwembwe, na hakusikiliza bibi anajiita nani.

"Mama," alisema kwenye simu, akiona haya. "Jina lako nani?"

"Langu?"

"Lako."

Bibi alilitaja polepole, majina matatu. La kwanza Mama Vifungo alikuwa hajawahi kulisikia likitoka kwa mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Lilikuwa jina la kisichana, la kuitiwa mtoto arudi ndani kula. Afisa aliliandika, akabonyeza, akasubiri.

"Sasa yupo," alisema.

Waliobaki walitoka upesi. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, faili la Mama Vifungo lilikuwa na mtu mmoja tu: mjane, fundi cherehani, miaka hamsini na minane, macho mawili yenye ugonjwa. Lilikuwa fupi kuliko alivyotarajia.

"Kesho saa mbili asubuhi, jicho la kulia," afisa alisema, naye akionekana kufurahi. "Bado swali moja. Baada ya upasuaji unawekewa dawa ya matone kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, siku kumi na nne. Hutakiwi kuinama, kupika wala kubeba. Wanataka jina la mtu anayelala nyumba moja na wewe. Wapo walioachwa peke yao macho yakaoza, ndiyo maana wanakaza. Niandike nani?"

"Msusi."

"Analala kwako?"

"Halali kwangu."

"Mtoto?"

"Sina."

"Mama, pasipojazwa hapa haiendi mbele."

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa ameandikiwa gari la Ijumaa dakika kumi zilizopita. Mama Vifungo alilitazama lile wingu jeupe ambalo kwake lilikuwa kompyuta, na akashindwa kufahamu: amewatoa watu arobaini ndani yake ili awe yeye, na sasa akiwa yeye anaambiwa hatoshi.

"Kuna nini huko?" simu ilipiga kelele. Hawakuwa wameikata.

Afisa aliinamia simu akamweleza bibi, kwa ufupi na kwa sauti ya juu.

"Hao wa gari hawawezi kunisubiri siku kumi na nne?"

"Hapana, bibi. Usipoondoka Ijumaa nafasi anapewa anayefuata. Ukirudi kwenye foleni ni miaka miwili, labda mitatu."

Bibi alikuwa na miaka themanini na mmoja, ndivyo faili lake lilivyosema. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya kimoyomoyo, na msusi pia, maana alisikika akiguna.

"Niandike mimi," bibi alisema.

"Mama, hapana, tutatafuta..."

"Wewe nyamaza, naongea na huyo wa kompyuta. Niandike. Na ile ya makao uifute. Jina langu si unalo?"

"Ninalo, bibi."

Afisa hakubonyeza. Aligeuza kiti akamtazama Mama Vifungo, akamngoja. Zilibaki dakika tano. Mama Vifungo angeweza kusema asiandike. Aliliona neno lenyewe, fupi, linalotamkika. Badala yake alihisi furaha kubwa imempanda ghafla kutoka miguuni, furaha ya mwizi, kwamba hatabaki peke yake ndani ya nyumba ile, na akaona aibu iliyomfanya ashike ukingo wa meza. Hakusema andika, wala hakusema usiandike, na afisa akaigeukia kompyuta. Alisikia kitufe kikibonyezwa, kisha kikabonyezwa tena, na kwa macho yake yale hakuweza kujua ni lipi lililotangulia, kuandika au kufuta.